Mtutu Mpya, Risasi Ipi? Mwongozo kwa Mwenye Bunduki ya Mtambo Mfupi

Mtutu wa bunduki ya kuwindia huanza kufa kooni. Koo ni ile sehemu fupi iliyo mbele tu ya chemba, mahali ambapo kichwa cha risasi hukutana na michirizi kwa mara ya kwanza, na ambapo gesi ya baruti hupita ikiwa bado na joto na presha kubwa kabisa. Kwa .308 Winchester, kikomo cha presha kilichowekwa na SAAMI, taasisi ya viwango ya watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani, ni pauni 62,000 kwa kila inchi ya mraba. Kila mlio hulamba chuma kidogo. Baada ya maelfu ya milio uso wa koo hujaa nyufa ndogondogo, kichwa cha risasi hulazimika kuruka pengo kabla ya kushika michirizi, na bunduki iliyokuwa ikikusanya risasi tatu ndani ya sentimita 3 kwa umbali wa mita 100 huanza kuzitawanya.

Mtutu ukifa, sehemu nyingine za bunduki huwa bado nzima. Bolti, triga, magazini na mti wake vinaweza kutumika miaka mingi zaidi. Mwenye bunduki huipeleka kwa fundi, mtutu wa zamani ukafunguliwa na mpya ukafungwa. Hapo ndipo swali linapoingia: arudi kwenye risasi ile ile, au achukue nafasi hii kuhamia nyingine?

Wengi hulijibu swali hilo kwa kufungua jedwali la kasi na kuchagua namba kubwa. Hiyo ni njia ya kununua matatizo. Sehemu kubwa ya jibu imo tayari ndani ya bunduki yenyewe, kwenye uso wa bolti na urefu wa magazini. Sehemu inayobaki iko kwa mnyama anayewindwa na kwenye rafu ya duka la risasi. Kasi huja mwisho.

Kwanza, mtutu umekufa kweli?

Mitutu mingi huhukumiwa kwa kosa lisilo lake. Kabla ya kulipia mpya, mwenye bunduki akaze skrubu za vishikio vya darubini na zile zinazounganisha mtambo na mti wa bunduki. Skrubu moja iliyolegea inatosha kutawanya risasi kama mtutu uliochakaa. Kisha asafishe mabaki ya shaba ndani ya mtutu kwa dawa yake. Dawa hiyo ikikutana na shaba hugeuka rangi ya buluu, kwa hiyo vitambaa vya kusafishia vitatoka vya buluu mara kadhaa. Aendelee mpaka kitambaa kitoke bila rangi hiyo.

Achunguze pia mdomo wa mtutu, pale mbele kabisa. Mkwaruzo mdogo ukingoni mwa michirizi huachia gesi upande mmoja kabla ya mwingine na kuisukuma risasi nje ya njia yake. Fundi huweza kuukereza upya mdomo huo kwa kazi ya muda mfupi. Baada ya hapo, bunduki ijaribiwe kwa darubini nyingine na kwa risasi za aina mbili. Ikiwa bado inatawanya, na kamera ndogo ya kuchungulia ndani inaonyesha koo lililoungua, basi uamuzi umefika.

Mtambo mfupi na ukoo wa .308

Mtambo ni ule mwili wa chuma unaobeba bolti na kupokea mtutu. Mtambo mrefu umetengenezwa kwa ajili ya risasi kama .30-06, ambayo urefu wake wote unafika milimita 85 hivi. Mtambo mfupi hubeba risasi za milimita 71 au zaidi kidogo. Mwaka 1948 kampuni ya Remington ilitoa bunduki ya Model 722 yenye mtambo mfupi, na mwaka 1962 ikafuata Model 700, ambayo leo ni miongoni mwa bunduki zinazobadilishwa mitutu zaidi Marekani. Mafundi wengi wanaijua, na vipuri vyake vinatengenezwa na viwanda vingi.

Risasi iliyoupa mtambo mfupi umaarufu ni .308 Winchester. Ilitoka mwaka 1952, miaka miwili kabla ya NATO kupitisha 7.62x51, risasi ya kijeshi inayofanana nayo. Ganda lake likawa mama wa ukoo mzima. Mwaka 1955 shingo yake ilibanwa ikazaliwa .243 Winchester, na mwaka huo huo ikapanuliwa ikazaliwa .358 Winchester. Remington ilileta 7mm-08 mwaka 1980 na .260 Remington mwaka 1997. Federal ikaongeza .338 Federal mwaka 2006.

Maganda yote haya yana urefu wa milimita 51 hadi 52 na kitako cha upana ule ule. Hii ni bahati kubwa kwa mwenye bunduki ya .308, .243 au 7mm-08: anaweza kuhamia risasi yoyote ya ukoo huu kwa kubadilisha mtutu tu. Bolti inabaki ile ile, magazini inabaki ile ile, na risasi hupanda kutoka kwenye magazini kama zilivyopanda siku zote.

Uso wa bolti

Toa bolti, utazame mbele yake. Kuna kishimo cha duara, na ukingoni mwake ukucha wa kuvutia ganda. Kishimo hicho kimekatwa kwa kipimo maalumu ili kushika kitako cha ganda, na kwa bunduki za mtambo mfupi vipimo vikuu ni vitatu.

Kidogo ni cha risasi kama .223 Remington, ambayo kitako chake ni milimita 9.6. Cha kati ni cha ukoo wa .308, milimita 12. Kipimo hiki kilitoka kwa Mauser wa Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, na ndicho pia kinachotumiwa na .22-250 Remington na 6.5 Creedmoor. Kikubwa ni cha risasi nono, kama .300 WSM na 6.5 PRC, zenye kitako cha karibu milimita 13.5.

Kuhama ndani ya kipimo kimoja ni kazi ya mtutu peke yake. Kuvuka kutoka kimoja kwenda kingine ni kazi nyingine. Anayetaka kutoka .308 kwenda .300 WSM atahitaji bolti nyingine au kuipanua aliyonayo, na mara nyingi magazini na reli za kupandishia risasi pia zitahitaji kurekebishwa. Kuna pia suala la nguvu. Mwili wa ganda la .300 WSM unaisukuma bolti kwa eneo kubwa kuliko la .308 kwa zaidi ya theluthi moja, hata kabla ya kuhesabu kwamba kikomo chake cha presha ni pauni 65,000 badala ya 62,000. Mtambo imara wa kisasa unabeba mzigo huo. Mtambo wa zamani usio na historia inayojulikana usibebeshwe kabla fundi hajaukagua.

Kwa wengi, gharama ya mabadiliko hayo yote inakaribia ya kununua bunduki ya pili. Ushauri ni mfupi: abaki kwenye uso wa bolti alionao, isipokuwa ana sababu nzito.

Magazini hukata shauri

Risasi inaweza kuingia kwenye chemba vizuri kabisa na bado ikakataa kuingia kwenye magazini. Hadithi ya risasi mbili za milimita 6.5 inaeleza jambo hili vizuri.

.260 Remington ilikuwa na kila sababu ya kufanikiwa: mama mashuhuri, teke jepesi, na vichwa vyembamba virefu vinavyokata upepo. Shida ilikuwa urefu. Ganda lake lina karibu milimita 51.7, na risasi nzima haipaswi kuzidi milimita 71 hivi. Vichwa virefu vinavyofanya vizuri mbali vikipachikwa humo, hulazimika kuzama ndani ya ganda na kuchukua nafasi ya baruti. Kampuni ya Hornady ilipoleta 6.5 Creedmoor mwaka 2007, ilifupisha ganda hadi milimita 48.8 na kuacha urefu wa risasi nzima karibu pale pale. Zile milimita 3 zilizopunguzwa zikawa nafasi ya kichwa kirefu kukaa mbele ya shingo. Mitutu ya Creedmoor pia ikawekewa michirizi ya kasi tangu mwanzo, na risasi za kiwandani zikatoka tayari zikiwa za kulenga vizuri. Kasi ya risasi hizi mbili inakaribiana sana. Leo hata hivyo Creedmoor inapatikana karibu kila duka la Marekani, na .260 hutafutwa kwa shida.

6.5 PRC ya mwaka 2018 inaonyesha upande wa pili. Huitwa risasi ya mtambo mfupi, lakini urefu wake unafika milimita 75. Magazini ya kawaida ya Remington 700 fupi inaishia karibu milimita 72. Mwenye kuitaka lazima aweke magazini ndefu zaidi, na tayari tumeona inadai bolti yenye uso mpana. Kwa hiyo kabla ya kuagiza mtutu, mwindaji apime magazini yake kwa ndani, mbele hadi nyuma, kisha alinganishe na urefu wa risasi anayoitamani.

Michirizi iendane na kichwa

Michirizi ndani ya mtutu hukizungusha kichwa cha risasi ili kisipepesuke hewani. Kasi ya mzunguko hutajwa kwa umbali ambao mchirizi unamaliza duru moja: 1:12 ni duru moja kwa inchi 12, yaani sentimita 30.5, na 1:8 ni duru moja kwa sentimita 20.3. Kichwa kinapokuwa kirefu, kinahitaji mzunguko wa haraka zaidi.

Kosa katika jambo hili liliwahi kuigharimu Remington soko. Mwaka 1955 ilitoa .244 Remington, mwaka ule ule Winchester ilipotoa .243. Zote mbili zilikuwa za milimita 6. Winchester ilitumia michirizi ya 1:10 na ikauza kichwa cha greni 100, karibu gramu 6.5, kinachofaa kulungu. Remington iliwalenga zaidi wawindaji wa wanyama wadogo wasumbufu, ikatumia 1:12 na vichwa vyepesi. Wanunuzi walitaka bunduki moja ya kazi zote mbili, wakaenda kwa Winchester. Mwaka 1963 Remington iliirudisha risasi yake kwa jina jipya, 6mm Remington, na michirizi ya 1:9. Wakati huo .243 ilikuwa imekwisha kushika nafasi.

Anayeweka mtutu mpya leo ana uhuru ambao mnunuzi wa dukani hana: anachagua michirizi mwenyewe. Na sasa kuna sababu mpya ya kuchagua ya haraka. Tangu Julai 2019, California inataka risasi zisizo na risasi nyeusi, yaani madini ya lead, kwa uwindaji wote, hatua iliyochukuliwa hasa kumlinda kondo, ndege mkubwa anayekula mizoga. Vichwa vya shaba tupu ni vyepesi kwa ujazo kuliko vya lead, kwa hiyo kwa uzito ule ule huwa virefu zaidi. Mtutu wa .243 wenye 1:10 unaweza kushindwa kukituliza kichwa kirefu cha shaba ambacho 1:8 ingekituliza bila taabu. Kwa .308 mpya, 1:10 ni chaguo la busara kuliko 1:12 ya zamani. Kwa 7mm-08, 1:9 au hata 1:8. Kwa milimita 6.5, 1:8.

Wagombea mmoja mmoja

Namba zinazofuata ni za risasi za kawaida za kiwandani, zikipimwa mdomoni mwa mtutu. Zitasogea kidogo kufuatana na urefu wa mtutu na aina ya risasi.

*.243 Winchester.* Kichwa cha gramu 6.5 hutoka kwa karibu mita 900 kwa sekunde, kikiwa na nguvu ya jouli 2,600 hivi. Teke lake ni dogo, na hilo humsaidia kijana, mwanagenzi au mtu mwenye bega bovu kufyatua bila kufumba macho. Inafaa kulungu wa kawaida na wanyama wa ukubwa wa swala pala. Kwa elki, kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini ambaye dume lake linafika kilo 300, inawezekana kisheria katika majimbo kadhaa, lakini inadai mpigaji mtulivu anayeweza kukataa pembe mbaya. Huchakaza koo mapema kuliko .308, kwa sababu inapitisha karibu baruti ile ile kwenye tundu dogo zaidi. Mwindaji anayemaliza masanduku mawili au matatu kwa mwaka hatauona mwisho wake haraka.

*6.5 Creedmoor.* Kichwa cha gramu 9.3 hutoka kwa mita 823 kwa sekunde, jouli 3,100 hivi. Teke lake ni pungufu ya lile la .308 kwa takriban moja ya tano. Nguvu yake iko mbali: kichwa kirefu chembamba hakipotezi kasi upesi wala hakichukuliwi sana na upepo. Mwindaji wa nyanda wazi za Wyoming au Montana, ambako mnyama huweza kusimama mita 300 mbele, anafaidika nayo kweli. Mwindaji wa msituni anayepiga kwa mita 60 hatapata tofauti ya maana.

*7mm-08 Remington.* Hii ndiyo risasi ambayo mafundi wengi huitaja wanapoulizwa wangechagua nini wenyewe, na wana haki. Kichwa cha gramu 9 hutoka kwa mita 870 kwa sekunde, karibu jouli 3,450. Inakaribia kabisa nguvu ya .308 huku teke likipungua kwa kama sehemu moja ya kumi, na vichwa vya milimita 7 hupenya kwa kina.

Ukoo wa kipenyo hiki una historia Afrika Mashariki. W. D. M. Bell, Mskoti aliyepata jina la Karamojo kutokana na eneo la Karamoja kaskazini mashariki mwa Uganda, aliua zaidi ya tembo 1,000 mwanzoni mwa karne iliyopita, wengi wao kwa 7x57 Mauser. Alitumia vichwa vizito visivyofumuka, na aliijua njia ya kufika ubongoni kutoka kila upande. Leo hakuna anayepaswa kumfuata kwa tembo, na sheria haziruhusu. Kinachobaki ni ushahidi wa jinsi kichwa kirefu cha milimita 7 kinavyopenya. 7x57 yenyewe ina urefu wa milimita 78, haiingii kwenye magazini ya mtambo mfupi. 7mm-08 hufanya kazi ile ile ndani ya milimita 71.

*.308 Winchester.* Kichwa cha gramu 9.7 hutoka kwa mita 860 kwa sekunde, karibu jouli 3,600. Ina vichwa vya kila uzito, kuanzia vyepesi vya kufanyia mazoezi hadi vya gramu 11.7 na zaidi kwa mnyama mkubwa. Haila mtutu haraka na haichagui aina ya risasi. Aliyekuwa na .308 na akaridhika nayo kwa miaka yote hana sababu ya kuona haya kuirudisha. Mtutu mpya wa .308, wenye michirizi ya 1:10 na chemba iliyokatwa kwa uangalifu, mara nyingi humpa bunduki ambayo ile ya kiwandani haikuwahi kuwa.

*.338 Federal na .358 Winchester.* Hizi ni za msitu mnene na mnyama mzito kwa karibu: elki, musi (kulungu mkubwa kuliko wote), dubu. .338 Federal husukuma kichwa cha gramu 13 kwa karibu mita 800 kwa sekunde, zaidi ya jouli 4,000, kutoka mtambo ule ule mdogo. Kasoro yao ni moja na ni kubwa: risasi zao ni chache madukani. Ni za mtu anayejaza risasi mwenyewe.

*.300 WSM.* Ilitoka mwaka 2001. Kichwa cha gramu 11.7 hutoka kwa mita 905 kwa sekunde, karibu jouli 4,800. Hakuna nguvu ya bure: teke lake ni zaidi ya mara mbili ya lile la .243, na katika bunduki nyepesi humfundisha mpigaji kujikunyata kabla ya mlio. Kichwa kilichotua tumboni kwa sababu hiyo humwacha mnyama na maumivu ya saa nyingi, na jouli zote hizo hazimsaidii. Kwa mwindaji anayejali kuua kwa mlio mmoja, risasi anayoweza kuifyatua akiwa ametulia ina thamani kuliko ile inayong'aa kwenye jedwali.

Rafu ya duka

Kati ya mwaka 2020 na 2021 Marekani ilipita katika uhaba mkubwa wa risasi. Remington, mzazi wa .260 na 7mm-08, iliomba kinga ya kufilisika Julai 2020, na kiwanda chake cha risasi kikauzwa kwa kampuni ya Vista Outdoor. Katika hali kama hiyo, viwanda hutanguliza risasi zinazouzwa kwa wingi, na wenye kaliba adimu ndio wanaobaki bila kitu.

Kabla ya kuamua, mwenye bunduki atembelee maduka matatu anayoweza kuyafikia kweli, ahesabu aina za risasi alizoziona rafuni, na aulize zinaagizwa mara ngapi. Anayewinda kwa kusafiri ana sababu zaidi: sanduku la risasi likipotea na mzigo uwanja wa ndege, .308 ndiyo yenye matumaini makubwa ya kupatikana aendako. Hili linamhusu sana mwindaji wa Tanzania, ambaye hana duka la risasi kila mji. Na akumbuke kwamba hakuna risasi ya mtambo mfupi iliyotajwa hapa inayomfaa kwa nyati. Kazi hiyo ni ya .375 H&H ya mwaka 1912 na wakubwa wenzake, na .375 H&H ina urefu wa milimita 91.

Anayejaza risasi mwenyewe ana uhuru zaidi. Maganda ya .308 yanaweza kubanwa shingo kuwa 7mm-08 au .243, mradi apime unene wa shingo baada ya kubana. Shingo nene kupita kiasi hujaza chemba, ikashindwa kukiachia kichwa, na presha ikapanda kwa hatari.

Sheria kabla ya fedha

Kubadilisha kaliba ni kubadilisha silaha machoni pa sheria za nchi nyingi. Uingereza, mtutu wenyewe ni sehemu inayohitaji kibali, na mwenye cheti lazima akirekebishe kabla ya kupata mtutu wa kaliba nyingine. Kwa Tanzania, umiliki wa silaha unasimamiwa na Polisi, kwa hiyo mazungumzo na ofisi iliyotoa leseni yatangulie mazungumzo na fundi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwenye bunduki huko hapaswi kupanga mtutu kwa ajili ya kuwinda wanyama.

Kuna pia sheria za kipimo cha chini. Colorado inataka kaliba isiyopungua .24 kwa kulungu na elki, kichwa kisichopungua greni 85 kwa elki na musi, na nguvu ya futi-pauni 1,000, karibu jouli 1,356, kwa umbali wa yadi 100. Sweden, kwa mnyama mkubwa kama musi, inataka kichwa cha angalau gramu 9 chenye jouli 2,700 kwa mita 100, au gramu 10 na kuendelea chenye jouli 2,000. Kwa hesabu hiyo, .243 inaruhusiwa Colorado na inakataliwa kwa musi wa Sweden. Mwindaji asome sheria ya mahali anapowinda, kisha afute kwenye orodha yake kila risasi isiyofika.

Mezani kwa fundi

Kazi nyeti kuliko zote ni kuweka nafasi sahihi kati ya uso wa bolti na bega la chemba. Nafasi ikiwa ndogo, bolti haifungi. Ikiwa kubwa, ganda hunyooka kwa kila mlio na huweza kukatika karibu na kitako, gesi ikamrudia mpigaji usoni. Fundi hupima kwa geji mbili za chuma kigumu. Kwa .308, ya kwanza ni milimita 41.40 na ya pili ni milimita 41.50, tofauti yao ni unene wa karatasi moja ya ofisini. Fundi anavua pini ya kupigia na springi ya kurushia ganda ili asidanganywe na ukinzani wake, anaingiza geji ya kwanza, na kuishusha bolti kwa kidole kimoja. Lazima ifunge bila kusukumwa. Anaweka ya pili. Bolti lazima isimame kabla ya kufunga. Mwenye bunduki ana haki ya kuomba kuoneshwa jaribio hili, na fundi mzuri hulionyesha kwa furaha.

Bunduki za Savage, kuanzia Model 110 ya mwaka 1958, hufungwa mtutu kwa nati, hivyo nafasi hiyo hurekebishwa kwa kusogeza mtutu mbele au nyuma na kukaza nati. Remington 700 ya kawaida hutegemea mabega ya mtutu kukerezwa kwa kipimo, na hapo mashine na mkono wa fundi aliyehitimu havina mbadala. Mwenye bunduki aombe pia umbo la nje la mtutu lifanane na la zamani, ili mti wa bunduki usihitaji kuchongwa upya. Kwa msituni urefu wa sentimita 51 hadi 56 unatosha. Kwa nyanda wazi, hasa 6.5, sentimita 60 hutoa kasi zaidi kidogo.

Jambo la mwisho mezani: jina la kaliba lichongwe kwenye mtutu mpya, wazi na kwa kina. Risasi za ukoo huu zinafanana kitako na mwili, na risasi ya .243 huingia ndani ya chemba ya .308 bila kukataa. Siku bunduki inaporudi nyumbani, masanduku ya kaliba ya zamani yahamishwe kwenye kabati lingine, mbali na risasi za kaliba mpya, au yatolewe kwa njia ya halali kama hayana tena bunduki.

Siku ya kwanza uwanjani

Kabla ya kufyatua, mwindaji ajaze magazini mara kadhaa na kuzipitisha risasi zote hadi chemba, polepole na kisha kwa kasi, akiwa ameelekeza mtutu kwenye ukuta wa udongo. Risasi inayokwama ugenini ni bora ikwame leo. Kisha afyatue moja moja, akiangalia kila ganda linalotoka: fataki iliyobanwa ikawa bapa kabisa, alama ya kung'aa kitakoni au bolti ngumu kufungua ni dalili za presha kubwa, na kazi isimame hapo.

Mambo yakiwa sawa, apige mafungu ya risasi tatu kwa aina tatu tofauti za risasi, akiusafisha mtutu katikati. Aina itakayokusanya vizuri kuliko zote ndiyo aitafutie masanduku ya kutosha msimu mzima, kutoka kundi moja la uzalishaji. Namba ya kundi hilo, umbali wa kusawazishia darubini na idadi ya risasi zilizopigwa aziandike kwenye daftari litakalokaa na bunduki. Mtutu huu nao utafika mwisho wake siku moja, na idadi hiyo ndiyo fundi atakayoiuliza kwanza.